J Dilla: Mapigo Yaliyochelewa kwa Makusudi

Kibao mlichokisikia punde hivi ni cha De La Soul, kundi la New York, na kimebeba jina la albamu yao ya mwaka 1996, Stakes Is High. Warapa ndio wanaosikika kwanza, na ni haki yao. Lakini leo naomba tuwaache kidogo, tusikilize kilicho chini yao. Kuna kipande cha muziki kinachojirudia, kizito, kama chenye onyo ndani yake. Kipande hicho kimekatwa kutoka kwenye santuri ya mpiga piano Ahmad Jamal, ya mwaka 1974, na kibao chenyewe Jamal alikiita Swahililand. Zaidi ya miaka ishirini baadaye santuri hiyo ikatua mikononi mwa kijana wa Detroit ambaye wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia jina lake. Kijana huyo ni James Dewitt Yancey. Wakati ule alijiita Jay Dee. Baadaye, mwaka 2001, akajiita J Dilla, maana Jermaine Dupri naye alifahamika kwa herufi zilezile na watu walikuwa wakiwachanganya.

Nimemchagua yeye kwa sababu habari zake zimezungukwa na hadithi mbili nzuri mno. Ya kwanza inasema aliubadilisha muziki wa hip hop kwa kuzima tu kitufe kimoja cha mashine. Ya pili inasema aliitengeneza kazi yake kubwa kuliko zote kitandani hospitalini, akiwa anakata roho. Hadithi zote mbili zinasimuliwa kwa mapenzi, nami nawaelewa wanaozisimulia. Lakini zinamnyima jambo moja ambalo nadhani ndilo kubwa zaidi: zinamnyima kazi yake. Ya kwanza inamfanya mtu wa bahati, ya pili inamfanya mtu wa miujiza. Dilla alikuwa fundi aliyekaa saa nyingi, siku baada ya siku, akisikiliza, akipima, akifuta, akirudia.

Nitangulize neno kwa wasioizoea kazi hii. Prodyuza wa hip hop si yule anayekaa nyuma ya kioo cha studio akimwambia mwimbaji arudie. Mara nyingi ndiye mtunzi wa muziki wenyewe. Anachimba masanduku ya santuri kuukuu akitafuta sekunde tatu za gita au kinanda ambazo hata aliyezipiga amekwisha kuzisahau. Anazikata, anaziingiza kwenye mashine, anazigeuza juu chini, anaziwekea ngoma na besi. Rapa akifika, biti ipo tayari. Yeye anatafuta maneno ya kukaa juu yake. Halafu wimbo ukivuma, sisi wasikilizaji tunalishika jina la rapa.

James alizaliwa tarehe 7 Februari 1974 na kukulia Conant Gardens, kitongoji cha watu weusi kilichoko kaskazini-mashariki mwa Detroit. Baba yake alikuwa mpiga besi na mwimbaji wa jazz, mama yake alikuwa amejifunza kuimba opera. Nyumba ilijaa sauti. Mama huyo, Maureen Yancey, ambaye dunia nzima ya hip hop inamwita Ma Dukes, husimulia kwamba mwanawe alianza kufuata sauti za nyimbo kabla hajaweza kuzungumza. Alipokua, mama alimpeleka shule ya ufundi wa ndege, Davis Aerospace. Mzazi yeyote wa huku kwetu anamwelewa mama huyo. Detroit ilikuwa imekwisha kuona viwanda vya magari vikipunguza watu, na kampuni ya Motown ilikuwa imehamia Los Angeles mwaka 1972, kabla James hajazaliwa. Santuri pekee zisingemlisha mtu. Kijana hakuipenda shule ile. Moyo wake ulikuwa kwenye muziki.

Mtaani kwao aliishi Amp Fiddler, mpiga vinanda aliyekuwa akizunguka na George Clinton katika bendi za Parliament na Funkadelic. Amp alikuwa na mashine ya Akai MPC, na alikuwa na tabia ya kuwafungulia vijana wa mtaa mlango wa nyumba yake. Alimwonyesha James jinsi mashine inavyofanya kazi, kisha akamwachia aichezee mwenyewe. Mwaka 1994, Amp akiwa kwenye ziara ya tamasha la Lollapalooza ambako A Tribe Called Quest nao walikuwa wakitumbuiza, alimkutanisha kijana huyo na kiongozi wao, Q-Tip. James alimpa kaseti ya kundi lake, Slum Village, alilolianzisha na rafiki zake wawili, T3 na Baatin. Q-Tip aliisikiliza, na tangu hapo akawa akiwaambia wenzake wa New York kwamba Detroit kuna mtu.

Naomba sasa tukae kidogo kwenye mashine hiyo, maana siri ya jambo iko humo.

MPC ni sanduku lenye vibonyezo 16 vya mpira, vikubwa vya kutosha kupigwa kwa ncha za vidole. Kila kibonyezo unakipa sauti yake: hiki ngoma kubwa ya mguu, hiki snea, hiki matoazi, hiki kipande cha piano ulichokikata. Unapiga, mashine inakumbuka. Aliyeibuni pamoja na kampuni ya Akai ni Mmarekani Roger Linn, na Linn alikuwa na huruma na watu ambao vidole vyao havina uhakika. Kwa hiyo akaiwekea uwezo wa kusahihisha mapigo. Ukichelewa, mashine inalivuta pigo lako mbele. Ukiwahi, inalirudisha nyuma, mpaka kila kitu kikae juu ya mstari wake. Prodyuza wa leo wa Sinza au wa Kayole, anayetengeneza biti kwenye kompyuta, anaiona mistari hiyohiyo kwenye skrini yake, na programu inamvutia kila pigo kwenye mstari bila hata kuombwa.

Sasa naomba ushirikiano wako, kama huendeshi gari. Piga makofi manne, taratibu, kwa umbali ulio sawa. Moja, mbili, tatu, nne. Rudia mpaka yatulie. Hivyo ndivyo mashine iliyosahihishwa inavyopiga. Haya, piga tena, lakini kofi la pili na la nne yawahishe kidogo, kidogo sana, na la kwanza na la tatu uyaache palepale. Ukisikiliza vizuri utagundua jambo la ajabu. La kwanza na la tatu, ambayo hukuyagusa, yameanza kusikika kama yanachelewa. Mwili wako unataka kuyasubiri. Kichwa kinaanza kutikisika kwa namna nyingine.

Hicho ndicho Dilla alichokuwa akikifanya, na ndiyo sababu naikataa hadithi ya kuzima kitufe cha kusahihisha mapigo. Kweli, zipo ngoma alizozipiga kwa mkono mtupu akaziacha zilivyo. Lakini Dan Charnas, aliyeandika kitabu cha maisha yake, Dilla Time, kilichotoka mwaka 2022, ameonyesha kwamba mara nyingi James aliacha baadhi ya sauti zikae sawasawa kwenye mstari, akazisukuma nyingine kwa makusudi. Mashine ya MPC3000 aliyoipenda hugawa kila pigo katika vipande 96. Kwa wimbo wa mapigo 90 kwa dakika, kipande kimoja ni takriban milisekunde 7. Yeye alikuwa akihamisha sauti kwa vipande hivyo: snea iwahi kidogo, ngoma ya mguu iteleze nyuma, matoazi yabaki yamenyooka. Mwone mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani: miguu inapishana na mawe, kiuno kinayumba, lakini shingo imetulia na maji hayamwagiki. Anayeyumba hovyo atamwaga. Biti ya Dilla haimwagi hata tone.

Kabla yake muziki wa Wamarekani weusi ulikuwa na njia mbili za kugawa muda. Ipo ya kunyooka, mapigo yote yakiwa sawa, kama mnavyoisikia kwenye funk nyingi. Ipo ya kubembea, pigo moja refu na linalofuata fupi, kama kwenye jazz na blues. Kijana wa Conant Gardens aliziweka zote mbili ndani ya wimbo mmoja kwa wakati mmoja, sauti moja ikinyooka na nyingine ikibembea, mpaka sikio likakosa pa kushika. Charnas anaihesabu kuwa njia ya tatu. Nami, baada ya kuzisikiliza kazi hizi kwa miaka, naona hajatia chumvi.

Mwaka 1995 kundi la Los Angeles, The Pharcyde, lilitoa albamu ya Labcabincalifornia, na sehemu kubwa ya biti bora zilizomo ni za Jay Dee, wakati huo akiwa na miaka 21. Kibao kilichovuma zaidi ni Runnin'. Gita lake laini limechukuliwa kutoka kwenye santuri ya bossa nova ya mwaka 1963, ya Stan Getz na Mbrazili Luiz Bonfá. Questlove, mpiga dramu wa kundi la The Roots, amesimulia mara nyingi jinsi alivyozisikia biti hizo kwa mara ya kwanza. Kundi lake lilikuwa limetumbuiza kabla ya The Pharcyde, naye alikuwa ameshatoka nje ya ukumbi. Ngoma ya mguu ikamfikia kupitia ukutani, akasimama. Alivyoieleza yeye, ilikuwa kana kwamba inapigwa na mtoto mdogo aliyelewa. Akarudi ndani. Kumbukeni kwamba Questlove alikuwa amejifunza kwa miaka kupiga kwa usahihi wa mashine, na sifa yake ilikuwa hiyo. Sasa anasikia mashine inayopiga kama binadamu aliyejiachia, na binadamu huyo ana nidhamu kuliko yeye. Ilimbidi ajifunze upya.

Katika miaka hiyohiyo Q-Tip, Ali Shaheed Muhammad na Jay Dee waliunda kikosi cha uprodyuza kilichoitwa The Ummah. Walitengeneza albamu mbili za A Tribe Called Quest, ya mwaka 1996 na ya mwaka 1998, pamoja na kazi za wasanii wengine wengi. Jina la kikosi lilikuwa zuri, lakini lilimfunika kijana wa Detroit. Watu waliposoma jalada, waliona The Ummah, wakamfikiria Q-Tip. Yakaja ya Janet Jackson. Kibao chake cha mwaka 1997, Got 'Til It's Gone, kilitoka kikiwa na majina ya maprodyuza wengine, na jina la Jay Dee halikuwepo, ingawa yeye alishikilia kwamba mkono wake ulikuwa humo. Hakwenda kupiga kelele magazetini. Alitengeneza toleo jingine la wimbo huo na kulipa jina la kisasi, Ummah Jay Dee's Revenge Mix. Inaniuma mpaka leo kwamba fundi wa kiwango hicho alilazimika kujitetea kwa jina la rimiksi.

Waliomjua walimfuata alikokuwa. Erykah Badu alisafiri mpaka nyumbani kwake alipokuwa akiitayarisha albamu ya Mama's Gun. Alimkuta fundi huyo kwenye chumba cha chini ya nyumba, mahali pa kazi palipopangwa kwa usafi, santuri zikiwa zimepangwa rafu kwa rafu. Dilla hakumpigia biti hamsini ili achague moja. Alimwambia atafute mwenyewe kwenye santuri. Badu akavuta moja ya kundi lisilo na jina kubwa, Tarika Blue, ya mwaka 1977. Dilla akaiweka, akapata alichokitaka, na hapo kikazaliwa Didn't Cha Know cha mwaka 2000. Nimeisikiliza santuri hiyo ya Tarika Blue pembeni ya wimbo wa Badu. Kipande kilichotumika kinapita upesi katika ile ya kwanza. Wengine tungekwenda jikoni kuchemsha chai na kukikosa. Yeye alikisikia, akakipa besi inayotembea chini yake kama haina haraka ya kufika popote.

Mwaka huo wa 2000 ulikuwa wa mavuno. Fantastic Vol. 2 ya Slum Village ilitoka rasmi baada ya kuzunguka mikononi mwa watu kwa kaseti. Common alitoa Like Water for Chocolate, na ndani yake The Light, wimbo wa mapenzi ambao Dilla aliujenga juu ya sauti ya Bobby Caldwell. Studio ya Electric Lady, ile aliyoijenga Jimi Hendrix mjini New York, ilikuwa makao ya kundi la marafiki waliojiita Soulquarians: Questlove, D'Angelo, mpiga vinanda James Poyser na Dilla, wote wa nyota ya Ndoo. Hapo ndipo ilipotengenezwa Voodoo ya D'Angelo. Hakuna wimbo humo unaobeba jina la Dilla, lakini sikilizeni dramu na besi zinavyoburuta miguu. Wanamuziki wenye vipaji vikubwa kabisa vya kizazi chao walikuwa wakitumia vyombo vya mkono kumwiga mtu wa mashine.

Yeye mwenyewe hakutaka kubaki hapo walipomkuta. Mwaka 2001 kampuni ya BBE ya London ilimpa uhuru, akatoa Welcome 2 Detroit, ambamo utakuta bossa nova, midundo ya Kiafrika na muziki wa mashine unaoikumbuka Kraftwerk ya Ujerumani. Kampuni kubwa ya MCA ikamsajili. Walitarajia albamu ya biti zake. Yeye akataka kughani juu ya biti za wenzake. Albamu ikafungiwa kabatini, ikatoka mwaka 2016 kwa jina la The Diary, miaka kumi baada ya kifo chake. Ruff Draft ya mwaka 2003 aliitoa kupitia kampuni ya Ujerumani, na ukiisikiliza utasikia mtu aliyechoka kusubiri ruhusa.

Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa. Mwaka 2002 madaktari walimgundua kuwa na TTP, maradhi adimu ambayo damu huganda ndani ya mishipa midogo; lupasi nayo ikaongezeka. Mwaka 2004 alihamia Los Angeles, akaishi nyumba moja na Common, karibu na swahiba wake Madlib na kampuni ya Stones Throw. Mama yake alimfuata. Alilazwa na kutoka, akalazwa tena. Mwishoni mwa 2005 alikwenda Ulaya kutumbuiza akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Albamu ya Donuts ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku alipotimiza miaka 32. Alifariki tarehe 10, siku tatu baadaye. Albamu hiyo ina vipande 31, vingi vya dakika moja au mbili, na imepangwa kinyume: cha kwanza kinaitwa cha kufungia, cha mwisho kinaitwa cha kufungulia, ukiiacha izunguke haina mwisho. Ndipo ilipoota ile hadithi ya pili, kwamba yote ilitengenezwa hospitalini. Utafiti wa Charnas unaonyesha kwamba sehemu kubwa ilikuwepo kabla, kama mkusanyo wa biti alizokuwa akizitengeneza nyumbani, kisha ikahaririwa na kurefushwa pamoja na watu wa Stones Throw. Kazi ya kitandani ilikuwepo pia. Rafiki zake walimpelekea mashine ndogo na kicheza santuri, na mama yake amesimulia jinsi alivyokuwa akimkanda vidole vilivyovimba ili mwanawe aweze kuendelea kubonyeza.

Kwangu mimi habari hiyo ya vidole inatosha, wala haihitaji kuongezwa muujiza. Mtu aliyekuwa akihamisha snea kwa milisekunde saba alikuwa amefika mahali ambapo kidole kukunjika ni shughuli ya watu wawili. Na bado alijua hasa anataka sauti ikae wapi.

Aliyoyaacha hayakuwa mepesi. Kulikuwa na madeni ya kodi, kukawa na mivutano ya mirathi, na kwa muda mrefu Ma Dukes, ambaye naye anaugua lupasi, hakunufaika na kazi ya mwanawe kama ilivyostahili. Mwaka 2014 aliikabidhi MPC3000 ya marehemu kwa jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi mjini Washington. Rafiki wa Dilla wa Detroit, mpiga dramu Karriem Riggins, ndiye aliyeikamilisha The Shining, albamu iliyokuwa imebaki njiani, ikatoka Agosti 2006. Mwaka 2009 Miguel Atwood-Ferguson aliziandikia biti za Dilla muziki wa okestra, zikapigwa jukwaani Los Angeles kwa heshima ya Ma Dukes.

Lakini urithi ninaoujali zaidi uko mikononi mwa wapiga dramu. Kwenye vyuo vya muziki vijana wanakaa na vijiti viwili wakijifunza kuifanya snea iwahi na ngoma ya mguu iteleze, bila umeme wowote. Ni vigumu kupita kiasi. Mkono mmoja unatakiwa kushika saa moja na mguu kushika nyingine, na ukifikiria sana unaporomoka.

Fundi mitambo ameniashiria kwamba kibao kinachofuata kiko tayari. Ni J Dillalude, kutoka albamu ya mwaka 2007 ya mpiga piano Robert Glasper, In My Element. Humo wanamuziki ni watatu tu, piano, besi na dramu, na biti za Dilla wanazipitia moja baada ya nyingine kama nyimbo za kale za jazz. Piano itawavuta kwanza, maana ni tamu. Ikiisha dakika ya kwanza, iacheni, hamieni kwenye dramu, mpige na yale makofi manne mliyoyafanyia mazoezi.